Vifaru vya El Alamein vimepumzika, mabomu bado

Kifaru cha Kitaliano ni kidogo kuliko unavyodhani. Kile cha aina ya M13/40 kilichoegeshwa nje ya makavazi ya vita ya El Alamein, Misri, kina urefu wa karibu mita 5, yaani hakipishani sana na matatu ya abiria 14. Tofauti ni kwamba hiki kina uzani wa tani 14 na kilibeba watu 4 pekee, wamebanana humo ndani na mzinga, risasi, injini ya dizeli na joto la jangwa. Hakuna dirisha la kufungua ukishikwa na jasho. Nilikizunguka mara tatu nikijaribu kuona mahali mtu wa kimo changu angeweka magoti.

Halafu angalia chuma chenyewe. Vipande vya deraya vimeshikanishwa kwa ribiti, ile misumari minene ya kugongwa. Kombora likikigonga kwa nje, ribiti zingeweza kukatika na kuruka ndani kama risasi. Kitu kilichowekwa kukukinga ndicho kinakumaliza. Noma.

Nilifika huko kwa sababu ya rafiki yangu wa Nairobi anayesomea Alexandria. El Alamein iko kama kilomita 100 magharibi mwa jiji hilo, kando ya bahari ya Mediterania. Yeye alitaka kuogelea, mimi nikataka kuona vyuma. Tukaelewana: asubuhi vyuma, mchana maji. Dereva wetu alikuwa mzee tuliyemwita Ammu, maana vijana wa huko humwita hivyo mzee yeyote wa rika la baba yao mdogo.

Uwanja wenyewe hauna mbwembwe. Vifaru, mizinga na malori yamepangwa nje, juani, mengi yamepakwa rangi ya mchanga. Kuna Sherman ya Marekani, tani 30 hivi, ambayo kando ya yule Mtaliano inaonekana kama lori kando ya probox. Sherman zilipigana kwa mara ya kwanza hapa hapa El Alamein, mikononi mwa Waingereza. Kuna mzinga wa Kijerumani wa milimita 88, uliotengenezwa kutungua ndege, kisha Wajerumani wakagundua ukiulaza chini unatoboa kifaru kikiwa bado mbali sana. Watoto wa shule walikuwa wanapandia kila kitu huku mwalimu wao akipiga kelele. Hakuna aliyemsikiza.

Mbona walipigania hapa, mahali hapana hata mti? Jibu liko kwenye ramani. Kaskazini ni bahari. Kusini, kama kilomita 60 hivi, ni Bonde la Qattara, shimo kubwa la chumvi na mchanga laini ambao kifaru hakiwezi kupita. Kwingine jangwani ungeweza kumzunguka adui, lakini hapa lazima upite katikati. Julai 1942, Rommel, jenerali wa Wajerumani aliyekuwa anaelekea Alexandria na Mfereji wa Suez, alizuiwa hapa. Usiku wa Oktoba 23 mwaka huo, Montgomery wa Uingereza akafungua karibu mizinga 900 kwa mpigo. Rommel mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwao akitibiwa. Aliyeshikilia nafasi yake akafa siku iliyofuata kwa mshtuko wa moyo. Kufikia Novemba 4, Wajerumani na Waitaliano walikuwa wanarudi nyuma, mafuta yamewaishia.

Sehemu iliyonichekesha ni ujanja. Kabla ya vita Waingereza walitengeneza vifaru bandia vya mbao na turubai, na vile vya kweli wakavifunika vifanane na malori. Wakatandaza hata bomba bandia la maji kuelekea kusini, la mikebe mitupu ya petroli, ili ndege za adui zidhani maandalizi bado na shambulio litatokea huko. Mimi niliyetoka chuo kabla ya kumaliza sikuwahi kufundishwa hayo. Shuleni tulikariri tarehe tu.

Lakini chuma kilichonigusa zaidi hakina magurudumu. Ni ule mtungi wa lita 20. Jangwani Waingereza walibeba petroli kwenye mikebe myepesi iliyovuja vibaya, mafuta yakimwagika njiani. Wajerumani walikuwa na mtungi wa chuma imara, wenye vishikio vitatu juu. Waingereza wakawa wanaupora kila wanapoupata, mwishowe wakauiga kabisa. Na kwa kuwa Mjerumani walimbandika jina la utani Jerry, mtungi ukaitwa jerrycan. Ndiyo, hiyo jerikeni ya plastiki unayopanga foleni nayo maji yakipotea ploti. Lita ni zile zile 20.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza ni nani alikuwa anazibeba. Kumbi za ndani za makavazi zimegawanywa: Misri, Uingereza, Ujerumani, Italia. Sanamu zimevaa sare safi. Lakini wakati wa vita hivyo Waingereza waliandika watu wetu kwenye kikosi cha vibarua wa jeshi, East African Military Labour Service, na maelfu wakapelekwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wakiitwa East African Pioneers. Walichimba, walipakua mizigo, walijenga barabara, walilinda maghala. Askari wa KAR tunawasikia wakitajwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Hawa wa sururu na mitungi hawatajwi sana hata kwetu, na pale sikuona sanamu hata moja yao.

Pesa nayo? Mwaka 2019 Al Jazeera ilichapisha uchunguzi kuhusu malipo ya mwisho wa vita kwa wanajeshi wa makoloni ya Uingereza. Yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata hadi mara tatu chini ya mzungu. Ukiwa na guka aliyewahi kusema alienda vita vya mzungu, muulize alifanya kazi gani na alilipwa ngapi, kama bado yuko.

Waitaliano, kwa upande wao, tunao mlangoni. Lile kanisa dogo kando ya barabara pale Mai Mahiu lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Mwaka ule ule wenzao walikuwa wanachomeka ndani ya M13/40 huku.

Kuna ndege pia, Kittyhawk. Juni 28, 1942, rubani Mwingereza Dennis Copping, miaka 24, alikuwa anaipeleka kurekebishwa akapotea njia. Ilipatikana mwaka 2012 na mfanyakazi Mpolandi wa kampuni ya mafuta, iko mchangani karibu nzima, miaka 70 baadaye. Parashuti ilikuwa kando, inaonekana aliitumia kujikinga jua. Mwenyewe hakuwepo. Ndege ikaletwa El Alamein, ikapakwa rangi upya hadi wapenzi wa historia wakalalamika. Nawaunga mkono. Imeng'aa mno. Ungedhani ni nganya mpya ya Rongai, si mahali kijana alingoja kuokolewa.

Sasa kuhusu bahari. Kando ya hapo Misri imejenga jiji jipya, New Alamein, maghorofa marefu kabisa mbele ya maji ya samawati, na mawaziri huhamia huko msimu wa joto. Kabla ya kumwaga simiti, wanajeshi wahandisi walilazimika kwanza kutoa mabomu ardhini. Pande zote mbili zilitega mabomu hapa, na Wajerumani waliyaita maeneo yao bustani za shetani. Vita vilipoisha kila mtu akaenda kwao, mabomu yakabaki. Makadirio ya Misri ni kwamba jangwa la magharibi bado lina mabomu na makombora yapatayo milioni 17. Misri haijatia saini mkataba wa 1997 wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, na kwa miaka mingi imesema waliotega ndio wagharamie kutegua. Wanaokanyaga ni Mabedui, wachungaji na watoto wao, ambao hawakualikwa kwenye vita hivyo.

Jioni tukirudi, jua lilikuwa linazama upande wa jangwa na rafiki yangu akataka tusimame, ashuke apige picha mchangani. Ammu hakupunguza hata mwendo. Alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye mchanga, akasema "la" mara mbili, halafu akatupeleka hadi kituo cha petroli kilichokuwa mbele. Picha tukapigia hapo, juu ya lami.