Fremu ya Nyuzi na Gundi, Juani Masalani

Kuunda baiskeli nyumbani si jambo geni kwetu Afrika. Wenzetu wa Goma huchonga chukudu zao kwa mbao, na huzipakia mizigo ambayo punda angeikataa. Lakini fremu ya nyuzi za kaboni, tena ya baiskeli ya milimani! Masalani milima hakuna, wasomaji wapenzi. Kuna mchanga, miiba ya migunga, na njia ya kuteremkia Mto Tana kuchota maji kwa madumu.

Hata hivyo yuko kijana pale aliyeazimia, nami nilimsikiliza kwa makini. Mabomba ya kaboni hukazwa katika kalibu ya mbao, yakashikishwa kwa gundi ya epoksi, kisha viungo huzongwa kitambaa cha kaboni kilicholoweshwa gundi hiyo hiyo. Juu yake huvutwa kwa nguvu vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, ili gundi iliyozidi itoke. Uzi wa kaboni nguvu zake zi katika urefu wake tu; kwa hiyo tabaka moja hufuata bomba, nyingine hukata mshazari, bomba lisijipinde pedali zikikanyagwa. Aliyeona ukili ukisukwa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi.

Nikamwuliza: na jua je? Hapo ndipo penye kazi. Epoksi iliyokauka yenyewe, bila kupashwa moto, aghalabu huanza kulegea kwenye digrii 50 au 60 hivi, na kitu cheusi kilichoachwa juani Masalani chaweza kufika huko. Halafu, chuma kikichoka aghalabu huonyesha ufa, na fundi wa kuchomelea akakimaliza siku hiyo hiyo. Kaboni yaweza kupasuka kwa ndani, juu ikang'aa kama kawaida, mpaka siku imwangushe mtu na dumu lake. Na mwenye kuipiga msasa bila kuziba pua na mdomo anajitakia kikohozi.

Kijana hakushtuka. Fremu ataijaribu kwanza kwa magunia ya mchanga, ndipo aipande yeye. Ataipaka rangi nyeupe. Na kabla ya hayo ataioka polepole, kwa joto lililoandikwa na watengeneza gundi. Kwa joko gani? Akanionyesha sanduku refu la mabati, limepakwa masizi nje, kipimajoto kikining'inia ndani. Limeanikwa uani, juani.