Bawa la Korongo na Bawa la Eropleni

Katika Kiswahili kiumbe mwenye manyoya huitwa ndege, na eropleni nayo huitwa ndege. Jina hilo moja halikutolewa bure, kwa maana vyote viwili hushikwa angani kwa kanuni moja. Mkaaji wa mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, akiinua macho aweza kumwona mwewe akizunguka juu ya mapaa bila kupiga mabawa, na mara nyingine eropleni ikienda au kutoka katika uwanja ulio kusini ya mji.

Watu wengi hudhani kwamba ndege hukaa juu kwa sababu ni mwepesi. Sivyo hata kidogo. Ndege mdogo kabisa ni mzito kuliko hewa, na akifunga mabawa yake huanguka. Kinachomshika ni hewa ipitayo penye bawa. Bawa limebinuka kidogo upande wa juu, na ukingo wake wa mbele umeinuliwa. Liendapo mbele huisukuma hewa ielekee chini, na hewa nayo hulisukuma bawa lipande juu. Mkulima aliyewahi kubeba bati siku ya upepo mkali aijua nguvu hiyo: ukingo ukiinuka kidogo tu, bati lataka kuruka na mwenyewe.

Mtu mmoja aliyelichungua jambo hili kwa bidii alikuwa Otto Lilienthal wa Ujerumani. Aliwatazama sana korongo weupe, akapima umbo la mabawa yao, na katika mwaka 1889 akatoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege. Korongo wa namna hiyo hukimbia baridi ya Ulaya, na wengi wao huja Afrika Mashariki kila mwaka, wakaonekana mashambani wakiokota panzi na nzige. Lilienthal aliruka mara nyingi kwa mabawa aliyojitengenezea, hata mwaka 1896 akaanguka na kufa. Lakini elimu yake haikupotea. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliisoma, nao pia wakawatazama ndege, wakaona jinsi wanavyopinda ncha za mabawa ili wasipinduke. Tarehe 17 Desemba, 1903, eropleni yao yenye injini iliruka kwa sekunde 12, ikiuelekea upepo.

Kuuelekea upepo kuna maana kubwa. Bawa halijali mwendo wa ardhini, bali mwendo wa hewa inayolipitia. Kwa hiyo korongo atakapo kuruka kutoka shambani huukabili upepo na kupiga hatua za mbio kwanza. Na rubani hufanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo Eldoret ilipo na shida yake. Uwanja wake wa ndege, uliofunguliwa mwaka 1997, uko mita 2,100 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu 1 katika 5. Bawa likipata hewa haba halina budi kwenda kwa kasi zaidi ili liubebe mzigo ule ule, na kasi hiyo yahitaji kuzidi kwa sehemu 1 katika 10 au zaidi. Tena injini nayo hupungukiwa na nguvu kwa uhaba wa hewa. Basi eropleni hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na njia yake katika uwanja huo ina urefu wa kilometa 3 na nusu hivi.

Jua la adhuhuri huzidisha taabu hiyo, kwa kuwa hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. La ajabu ni kwamba joto lile lile humfaa mwewe: hewa ya moto hupanda kutoka ardhini, naye hupanda nayo bila kujichosha.

Kwa hiyo msafiri au mfanyabiashara akiambiwa mchana wa jua kwamba mzigo hauna budi kupunguzwa, asidhani kuwa anaonewa. Rubani amekwisha pima hewa, joto, upepo na urefu wa njia. Korongo akiona hajapata kasi ya kutosha aweza kusimama shambani na kujaribu tena. Lakini eropleni iliyojazwa kupita kiasi hufika mwisho wa njia, na hapo hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili.