Kabureta Kubwa Haipandishi Mlima

"Fundi, Boxer yangu haivuti. Niweke kabureta ya ngapi?"

Swali hili la pikipiki linaulizwa hapa Walikale, mashariki mwa Kongo: linaulizwa sokoni Mubi, linaulizwa Njingala, na linaulizwa hata na vijana wa Goma wanaojiandaa kushuka Walikale kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Kila anayeuliza anasubiri namba ya milimita: 26, 28, 30. Sina namba ya kumpa, kwa sababu ameshaamua ugonjwa kabla injini haijapimwa. Nimelijibu swali hili barabarani, kwenye simu na chini ya mapaa ya gereji. Leo nalijibu kwa urefu, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii asome.

Kabureta haisukumi kitu. Ndani yake hakuna pampu. Pistoni inaposhuka ndiyo inayovuta hewa, na hewa hiyo inapofika kwenye koo jembamba la kabureta hulazimika kukimbia. Ikikimbia, shinikizo lake hushuka. Mshuko huo wa shinikizo ndio unaonyonya petroli kutoka kwenye bakuli, kuipitisha kwenye tundu la jeti na kuitawanya iwe ukungu unaoweza kuwaka. Kazi yote inategemea kasi ya hewa kwenye koo. Wembamba wa koo uliwekwa na mtu aliyepiga hesabu, na ndio unaoifanya kabureta iwe kabureta.

Tuzipige hesabu hizo sisi wenyewe. Boxer BM 150 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56, na pistoni yake husafiri milimita 58.8. Hapo unapata ujazo wa sentimita za ujazo 144.8. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyepakia abiria na gunia, anapanda kilima chenye utelezi, injini yake inazunguka pengine mara 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo haiwezi kuvuta zaidi ya lita 217 za hewa kwa dakika, hata ingekuwa mpya kabisa. Funga kabureta yoyote unayoitaka duniani, lita zitabaki hizo hizo, kwa sababu zinatokana na silinda na mizunguko.

Sasa ondoa kabureta yenye koo la milimita 22 ufunge ya 26. Eneo la koo limeongezeka kwa karibu asilimia 40. Hewa haijaongezeka. Ukiwa umefungua mkono wa petroli hadi mwisho, kama unavyofanya mlimani, hewa inapita pale kwa asilimia 72 tu ya kasi yake ya zamani. Na kwa kuwa mvuto hufuata kasi zidisha kasi, mvuto unaonyonya petroli umebaki karibu nusu. Ukungu unageuka matone, matone yanagandamana kwenye ukuta wa bomba la kuingizia, injini inakohoa na kuzimika pale pale ulipoihitaji. Ukienda kwenye 28 au 30 hali ni mbaya zaidi. Faida ya koo pana inaanza kuonekana injini inapozunguka kwa kasi kubwa sana, na kwenye tope la barabara ya Walikale hakuna anayefika huko akiwa na mzigo.

"Lakini fundi, mwenzangu aliweka na pikipiki yake inaruka!" Naamini kwamba aliona hivyo, na sababu ni mbili. Kwanza, kabureta aliyoitoa ilikuwa imechakaa: sindano imelika, boya la bakuli limepotoka, njia ndogo zimeziba kwa uchafu wa petroli ya chupa. Kabureta mpya ya saizi ile ile ingempa nafuu hiyo hiyo, kwa bei ndogo zaidi. Pili, kwenye kabureta pana, kuzungusha mkono robo tu kunafungua tundu kubwa zaidi, kwa hiyo pikipiki tupu inashtuka na kuondoka kwa ghafla. Mkono umekuwa mwepesi. Nguvu ya injini kwenye mizunguko ya mlimani haijaongezeka. Mpime mwenzako huyo akiwa amepakia, kilimani, gia ya pili, halafu uniambie nani alifika juu.

Baada ya hapo ndipo hufuata kosa ninalolichukia kuliko yote. Pikipiki inakohoa, fundi anasema imekosa petroli, anatoa jeti na kuitoboa kwa sindano ya kushonea. Tundu la jeti huhesabiwa kwa vipande vya mia vya milimita. Likiwa milimita 1.00 nawe ukalipanua hadi 1.10, tofauti ambayo jicho haliioni, eneo lake limepanda kwa asilimia 21. Na sindano haitoboi duara safi, inaacha makovu. Sasa petroli ni nyingi: moshi mweusi, plagi yenye masizi, petroli mbichi inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuteremka kuchanganyika na oili ya injini. Ringi zinasuguana na chuma kikavu. Mwenye pikipiki anarudi baada ya muda akisema injini imenoki, na kwamba pistoni za siku hizi ni feki. Pistoni haikuwa na kosa. Aliiua kwa sindano, na kila siku alikuwa akilipia petroli ya ziada katika mji ambao kila lita inafika kwa safari ndefu.

Kwa wanaoamini kwamba tundu kubwa ndiyo nguvu, nina mfano wa magari. Katika miaka ya 1990, shirikisho la michezo ya magari, FIA, liliyafungia magari makubwa ya rali koo la milimita 34 mbele ya turbo, na hewa yote ya injini ya lita 2 ilipaswa kupita hapo. Dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, injini yake ilikuwa inapumua kupitia tundu hilo. Na magari hayo yalitoa karibu nguvu za farasi 300. Wahandisi walijua koo halitapanuka, basi wakalinganisha kila kitu nalo: turbo, kamshafti, mbano, gia, ili nguvu ipatikane chini kwenye mizunguko midogo, ambako dereva anatoka kwenye kona yenye vumbi. Injini ya lita 2 iliridhika na milimita 34, halafu mtu wa Mubi ananiomba 30 kwa injini isiyofika sentimita za ujazo 150!

Anayetaka injini ya kukimbia kweli, labda yuko Kampala au Nairobi na ana lami, asinunue kipande kimoja. Anunue seti: hedi iliyopanuliwa njia za hewa, kamshafti inayofungua vali kwa muda mrefu zaidi, springi za vali zinazoiweza kamshafti hiyo, ekzosi ya urefu uliopimwa, kabureta inayolingana na hayo yote, kisha klachi itakayobeba nguvu mpya. Akiacha kimoja, fedha ya vingine imepotea. Ajue pia kwamba injini hiyo itakuwa dhaifu kwenye mizunguko midogo, kwa hiyo haifai kubeba mzigo hata kidogo. Na asikwangue hedi kuongeza mbano ikiwa petroli yake ni ile ya chupa ya Kadhafi, muuza petroli wa kando ya barabara, ambayo hakuna anayejua oktani yake. Itagonga hadi itoboe pistoni.

Kuhusu kuchonga silinda ili kuongeza nguvu, nitasema machache. Kutoka milimita 56 hadi 57 unapata ujazo wa 150 badala ya 144.8, yaani asilimia 3.6. Silinda huchongwa kwa sababu imelika. Kuichonga ikiwa nzima ni kuimaliza kabla ya wakati wake.

Basi ufanye nini? Anza na spoketi, kwa sababu unachotafuta ni mvuto kwenye gurudumu, na huo unapatikana bila kugusa injini. Kama ya mbele ina meno 14, funga ya meno 13: mvuto unapanda kwa karibu asilimia 8, na kasi ya juu inapungua kwa asilimia 7 ambayo kwenye barabara hii huitumii. Spoketi zote mbili na cheni zibadilishwe pamoja. Cheni kuukuu hula meno mapya. Halafu pima mbano. Kama ni hafifu, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi, upige kiki tena: mbano ukipanda, ringi zimechoka; mbano usipopanda, angalia vali. Rekebisha nafasi ya vali injini ikiwa ya baridi. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika ni hasara. Pistoni, ringi na silinda vipimwe kama kitu kimoja. Angalia klachi, maana injini nyingi zinazoitwa dhaifu zina klachi inayoteleza tu, tena mara nyingi kwa sababu ya oili ya gari. Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Rudisha kichujio cha hewa kama ulikitupa, au usafishe kilichopo kila vumbi linapozidi. Ekzosi uliyoikata inakupa kelele tu, irudishe.

Na wanaonunua pikipiki Goma wasikilize hili. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Walikale na Mubi ziko chini ya mita 1,000. Hewa ya huku ni nzito zaidi. Pikipiki iliyopunguziwa jeti Goma ili isitoe moshi, ikishuka huku inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka, na chini ya mzigo pistoni inashika. Ukishafika, panda kilima kimoja kirefu ukiwa umepakia, zima injini pale pale juu, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi yenye majimaji, petroli imezidi. Nyeupe, usipakie mzigo mwingine hadi jeti ya namba ya kiwandani irudi mahali pake.