Cheti Safi, Ini Lenye Maji

Ndugu wakulima wa Katilu mnaonywesha mashamba kwa maji ya Turkwel, nanyi wa Morulem kwenye mto Kerio, na wale wenye bustani Kalobeyei karibu na Kakuma: ingawa mnaitwa wakulima, wengi wenu ni wafugaji pia. Ni nadra kukuta boma lisilo na mbuzi wawili watatu, na palipo na mbuzi hapakosi mbwa. Leo twaeleza ugonjwa unaowaunganisha mbuzi, mbwa na mwenye boma.

Siku ya kuchinja, mara nyingine huonekana kwenye ini au pafu la mnyama kitu cha mviringo, cheupe, kimejaa maji safi. Mchinjaji hukikata na kukitupa kando, na mbwa hukimeza kabla hakijatulia chini. Hapo ndipo ugonjwa unapopata njia. Ndani ya kile kifuko mna vichwa vingi vidogo vya tegu. Vikifika katika utumbo wa mbwa hukua wakawa tegu kamili, ambao hawazidi urefu wa punje ya mchele. Baada ya majuma sita au saba huanza kutoa mayai pamoja na mavi ya mbwa. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Atabweka na kulinda zizi kama kawaida.

Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Hushika kwenye manyoya ya mbwa, kwenye pua yake na kwenye ulimi, yakaingia katika majani na maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huyala malishoni. Binadamu huyameza kwa mkono usionawa, kwa chombo kilicholambwa, au kwa mtoto kulambwa na mbwa usoni. Jua letu la Turkana huyaua upesi, lakini penye unyevu na kivuli, kama kando ya mtungi wa maji au mfereji wa shamba, hukaa zaidi. Kwa hiyo mkulima wa maji naye ana sababu ya kujihadhari kama ndugu yake aliye malishoni.

Yafaa kusahihisha jambo moja ambalo wengi hulikosea. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kula ini la mbuzi lenye kifuko. Aupata kwa mayai yaliyotoka kwa mbwa. Anayekula nyama tu, asiye na mbwa karibu, hana hatari hiyo. Na asiyekula nyama kabisa, lakini anacheza na mbwa, anayo.

Ugonjwa huu huitwa haidatidi. Kwa miaka mingi Turkana ilihesabiwa miongoni mwa mahali palipo na wagonjwa wengi kupita pote duniani, na mbwa waliopimwa huko miaka ya 1980 zaidi ya nusu walikuwa na tegu. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kupambana nao upande wa Lokichoggio, kaskazini-magharibi, kwa kufundisha watu, kupima, kupasua, na kuwatibu au kuwapunguza mbwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatatiza wengi, nalo ni vipimo.

Tuseme mama mmoja ana uvimbe upande wa kulia, chini ya mbavu. Hauumi sana, ila tumbo linakua mwaka hata mwaka, na majirani wanamwuliza kama ni mjamzito. Anakwenda zahanati, anatolewa damu ipimwe kazi ya ini, na cheti kinarudi: kila kitu ni sawa. Anarudi nyumbani akiambiwa na watu kuwa amerogwa, au kwamba hana kitu. Je, kipimo kilidanganya? Hapana. Kiliulizwa swali lingine.

Kipimo cha kazi ya ini hutazama yale yanayovuja katika damu wakati nyama ya ini inapoumia. Kifuko cha haidatidi hakiozeshi ini. Hujijengea ukuta na kulisukuma pembeni, kama mgeni aliyejenga kibanda chake nyuma ya boma na kufunga mlango. Ini ni kubwa, na sehemu iliyobaki hufanya kazi yote. Hesabu hupanda pale kifuko kinapobana mfereji wa nyongo, na hapo macho huwa ya manjano. Lakini macho ya manjano na hesabu za juu hutokana na mengine pia, kama homa ya ini na ulevi. Basi cheti kibaya nacho si ushahidi wa haidatidi.

Kiko kipimo kingine cha damu, kinachotafuta kinga ambazo mwili umetengeneza kupigana na tegu huyu. Hicho ni bora zaidi, lakini nacho kina mapengo. Kifuko ambacho ukuta wake ni mzima hakitoi kitu nje, na mwili haujui kwamba una adui. Katika kila wagonjwa 100 wenye kifuko cha ini, 10 hadi 20 huweza kupimwa wasionekane na kinga yoyote. Wa mapafu hukosekana zaidi. Tena mwenye tegu wa aina nyingine anaweza kuonekana anao ugonjwa huu, kumbe hana.

Linaloona kifuko chenyewe ni picha ya tumbo, ile mashine ya skani ambayo akina mama wajawazito huijua. Mwaka 1987 Calum Macpherson na wenzake walichapisha kazi yao ya kulinganisha mashine ndogo ya kubebwa na kipimo cha damu hapa hapa kwa wafugaji wa Turkana, na picha ikawakamata watu ambao damu iliwaacha. Mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa utaratibu wa kuvipanga vifuko kwa jinsi vinavyoonekana katika picha. Vingine hutibiwa kwa vidonge vya albendazoli kwa miezi, vingine kwa sindano, vingine kwa kupasuliwa, na vilivyokwisha kufa huachwa vikitazamwa tu. Basi mwenye uvimbe asiridhike na cheti cha damu pekee. Aende Lodwar au Kakuma penye mashine, na aombe picha.

Wala mtu yeyote asithubutu kuutoboa uvimbe huo kwa kisu au chuma cha moto. Maji yaliyomo ni sumu kwa mwili uliokwisha kuyazoea kidogo kidogo. Yakimwagika ndani, mtu huweza kuwashwa mwili mzima, kuvimba midomo, kukosa pumzi na kufa siku hiyo hiyo. Akipona, vifuko vipya huota tumboni. Daktari anayetumia sindano huwa na dawa tayari mkononi, na picha mbele ya macho yake.

Upande wa mbwa, dawa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kuwa tegu hutaga baada ya majuma sita, kumpa dozi kila majuma sita ndiko kukamilifu. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue mara nne kwa mwaka. Dawa huua tegu, haiui mayai. Kwa hiyo mfunge mbwa siku mbili baada ya dozi, na mavi yake yazikwe. Maini na mapafu yenye vifuko yachimbiwe shimo refu lenye mawe juu, au yachemshwe nusu saa na zaidi kabla mbwa hajapewa.

Kuhusu paka wanaolinda ghala zenu: tegu huyu hakomai vema ndani ya paka, hivyo yeye si njia ya ugonjwa. Hata hivyo usimlishe maini kila siku, kwani vitamini A ikizidi humkakamaza mifupa ya shingo. Na akijikuna kichwa na shingo bila kuacha, tafuta viroboto kwanza, ndipo ufikirie kwamba chakula chake kimemkataa.