Mtoto wa jicho: Daktari hufundishwaje kabla ya kukabidhiwa jicho la mgonjwa?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika Kata ya Mkonze jijini Dodoma, kama ilivyo katika maeneo mengi ya nyanda za kati, si jambo geni kumwona mzee akitembea nyuma ya mjukuu wake, kila mmoja ameshika ncha moja ya fimbo. Mara nyingi chanzo cha hali hiyo ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, ingawa hutibika kwa upasuaji wa muda mfupi. Hata hivyo, wapo wanaosita kwenda hospitalini kwa kuhofia kukabidhiwa kwa daktari mwanafunzi na jicho lao kugeuzwa la kujifunzia.

Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa maelezo, si kwa kubezwa. Ni kweli kwamba kila daktari bingwa wa macho aliwahi kumpasua mgonjwa wake wa kwanza. Swali la msingi ni je, kabla ya siku hiyo alipitia hatua gani, na nani alikuwa amekaa kando yake?

Kinachofanyika ndani ya jicho

Mtoto wa jicho hutokea pale lenzi ya asili, iliyopo nyuma ya mboni, inapopoteza uangavu wake na kuwa na ukungu. Hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayoweza kuurudisha uangavu huo. Tiba yake ni upasuaji.

Njia inayotumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki ni upasuaji wa mkato mdogo usiohitaji mashine za gharama kubwa. Jicho hutiwa ganzi huku mgonjwa akibaki na fahamu zake. Daktari hutengeneza njia nyembamba katika sehemu nyeupe ya jicho, yenye upana wa takribani milimita 6 hadi 7, kisha hufungua mfuko mwembamba unaoibeba lenzi. Baada ya kuitoa lenzi yenye ukungu na kusafisha mabaki, hupandikiza lenzi bandia ndani ya mfuko huo huo. Njia iliyotengenezwa kwa ustadi hujifunga yenyewe bila kuhitaji mshono.

Ugumu mkubwa upo katika ukuta wa nyuma wa mfuko huo, wenye unene wa takribani milimita 0.004. Ukipasuka, ute uliopo nyuma ya jicho unaweza kusogea mbele, na lenzi bandia ikakosa mahali pa kukaa. Kwa sababu hiyo, mikono ya daktari haina budi kuzoezwa mapema, huku macho yake yakitazama katika darubini na mguu wake ukiendesha kanyagio la chombo hicho.

Hatua kwa hatua

Mafunzo ya ubingwa wa macho hutolewa kwa madaktari waliokwisha kuhitimu shahada ya udaktari. Miongoni mwa vituo vya siku nyingi vya mafunzo hayo nchini ni Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Mwanafunzi huanza kwa kutazama na kusaidia. Baadaye hujizoeza kukata na kushona kwa kutumia macho ya wanyama kutoka machinjioni au macho bandia yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Anapoingia chumba cha upasuaji, hapewi kazi yote kwa mkupuo. Leo anaweza kufanya hatua moja iliyo nyepesi, na msimamizi akakamilisha zilizobaki. Siku nyingine huongezewa hatua ya pili, hadi atakapoweza kuufanya upasuaji wote mbele ya msimamizi wake.

Manufaa ya kuanzia kwenye macho bandia yamethibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha madaktari waliokuwa mafunzoni nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Zimbabwe. Katika mwaka uliofuata, waliopata mafunzo hayo ya vitendo walipasua ukuta wa nyuma wa mfuko wa lenzi katika asilimia 7.8 ya upasuaji walioufanya, ikilinganishwa na asilimia 26.6 kwa wenzao ambao walikuwa hawajayapata. Tofauti hiyo inaonesha kuwa makosa mengi ya mwanzo yanaweza kufanyika juu ya jicho la plastiki badala ya jicho la mzazi wa mtu.

Kujua wakati wa kusimama

Pamoja na wepesi wa mikono, mwanafunzi hufundishwa jambo jingine lisiloonekana kwa urahisi: kutambua kuwa hatua iliyopo mbele yake imemzidi uwezo, kuondoa vifaa kwa utulivu na kumwachia msimamizi kiti. Kufanya hivyo si kushindwa. Anayeona haya kuomba msaada ndiye anayemweka mgonjwa hatarini.

Aidha, si kila jicho humfaa anayejifunza. Mgonjwa aliyebakiwa na jicho moja tu linaloona, au mwenye jicho lenye kasoro nyingine, anapaswa kuhudumiwa na daktari mwenye uzoefu mkubwa.

Haki ya mgonjwa

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na kuuliza nani atampasua, nani atasimamia, na hatari zipi zinaweza kujitokeza. Kuuliza si utovu wa adabu kwa daktari.

Kwa wakazi wa Mkonze na maeneo jirani, uchunguzi unaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa atapewa rufaa inapobidi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma ipo ndani ya jiji, na Hospitali ya Mvumi, wilayani Chamwino, ina historia ndefu ya huduma za macho katika mkoa huu.

Wananchi wanashauriwa kutosubiri hadi giza litande kabisa. Mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi huongeza ugumu wa upasuaji, hata kwa daktari bingwa wa siku nyingi, na wakati mwingine huleta maumivu na shinikizo kubwa ndani ya jicho ambalo huharibu mshipa wa fahamu wa kuonea. Uoni unaopotea kwa namna hiyo haurudishwi na upasuaji wowote.