Nani Aliyesawazisha Uwanja Huu?

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, mwalimu wetu wa elimu ya maji alituchukua siku moja, wanafunzi wanane, kwenda kupiga kambi katika Msitu wa Taifa wa Ouachita, jimbo la Arkansas. Tulifika alasiri. Kijito kilikuwa kikipita polepole juu ya mawe, maji yake maangavu kiasi cha mtu kuweza kuhesabu kokoto zilizo chini. Kandoni mwake palikuwa na uwanja tambarare wenye nyasi fupi na kivuli cha misonobari. Tulianza kufungua mahema bila hata kushauriana, maana kila mmoja wetu aliona kwamba mahali bora kuliko pale hapakuwapo.

Mwalimu hakutukataza. Aliuliza tu: "Milima yote hii imeinama. Nani aliyesawazisha uwanja huu?"

Tulikaa kimya. Akachukua sepetu, akachimba shimo la kufika magotini. Juu palikuwa na udongo laini wa kahawia. Chini yake mchanga. Chini ya mchanga kokoto za mviringo, sawa kabisa na zile zilizomo kijitoni. Kisha udongo laini tena. Halafu akatuonyesha panda ya mti, juu ya vichwa vyetu, ambamo vijiti na majani makavu yalikuwa yamesokotana kama kiota. Hakikuwa kiota cha ndege yeyote. Ni maji yaliyoviweka pale.

Jioni ile tulihamishia mahema yetu mlimani, penye mawe na mteremko, tukalala vibaya. Makala haya yanaeleza kwa nini mwalimu yule alikuwa na haki.

KAZI YA KIJITO

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twaweza kusema vivyo hivyo juu ya ardhi: ukiona uwanda katikati ya milima, umesawazishwa. Aliyeusawazisha, mara nyingi, ni kijito chenyewe.

Maji yanayokwenda kasi huweza kubeba mawe, mchanga na tope. Kasi ikipungua, uwezo huo nao hupungua. Mvua kubwa inyeshapo, kijito hufurika na kutoka katika mkondo wake. Maji yaliyotoka hutanda, hupoteza kasi, na hutua mzigo wake: kwanza kokoto, kisha mchanga, na mwisho tope laini. Kila furiko huongeza tabaka moja. Baada ya karne nyingi mabonde madogo hujazwa na uwanda hutokea. Wataalamu huuita uwanda wa mafuriko. Jina hilo linaonyesha kwamba uwanda ule ni sehemu ya mto, ijapokuwa mto hauutumii kila siku.

Hapa ndipo penye hatari kwa mpiga kambi. Sifa zote zinazomvutia, yaani usawa wa ardhi, ulaini wa udongo, ukaribu wa maji na kivuli cha miti, zimeletwa na mafuriko.

USIKU WA KUAMKIA TAREHE 11 JUNI 2010

Katika msitu huohuo wa Ouachita kuna mahali panapoitwa Albert Pike, kando ya mto mdogo uitwao Little Missouri. Palikuwa na viwanja vya kambi vilivyopendwa sana na jamaa wenye watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2010 mvua kubwa ya radi ilinyesha juu ya milima inayolisha mto ule. Katika muda wa saa tatu, baadhi ya sehemu zilipata mvua ya milimita 120 hivi.

Kipimio cha kina kilichoko katika mto huo, karibu na kijiji cha Langley, kilionyesha kwamba saa 8 usiku kina kilikuwa zaidi kidogo ya mita moja. Ilipofika saa 11 na nusu alfajiri kilikuwa kimepita mita saba. Mto ulipanda karibu mita sita katika saa tatu na nusu, na watu walikuwa usingizini.

Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo la mafuriko ya ghafla karibu saa 8 usiku. Lakini bonde lile ni la ndani, na simu za mkononi hazikupata mawimbi. Onyo lilitolewa, halikuwafikia waliolihitaji. Watu 20 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Baada ya msiba huo ruhusa ya kulala usiku katika viwanja vile iliondolewa.

HEBU TUFANYE HESABU

Mwanafunzi atauliza: yawezekanaje mvua ya milimita 120, ambayo haifiki hata nusu ya urefu wa rula, kuinua mto kwa mita sita?

Jibu liko katika eneo linalokusanya maji. Chukua bonde dogo lenye eneo la kilometa 10 za mraba. Mvua ya milimita 120 ikinyesha juu ya bonde zima, maji yote ni meta za ujazo 1,200,000, yaani tani 1,200,000. Tuseme nusu yake yamenywewa na udongo na majani, na nusu yameteremka. Zinabaki tani 600,000. Zikipita katika mkondo mmoja kwa saa tatu, yaani sekunde 10,800, basi kila sekunde zitapita tani 56 hivi mahali ambapo jana mtoto alivuka bila kulowesha magoti.

Katika milima, maji hayo hayana mahali pa kutanda. Kuta za bonde huyabana, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ni kwenda juu. Zaidi ya hayo, mvua yaweza kunyesha kwenye vilele vilivyo mbali, na hapo kambini pasidondoke hata tone. Mpiga kambi huona nyota juu ya hema lake, ilhali maji tayari yako njiani.

JE, MSITU HAUZUII MAFURIKO?

Tumezoea kufundisha, na kwa haki, kwamba misitu huhifadhi maji na kupunguza mmomonyoko. Lakini milima ya Ouachita ilikuwa imefunikwa na misonobari na mialoni. Kwa nini basi mto ulifurika?

Yafaa walimu wafanye jaribio hili pamoja na wanafunzi. Chukua masinia mawili yenye kina, utoboe matundu upande mmoja wa kila sinia. Katika la kwanza weka udongo mwororo, kisha uufunike kwa majani makavu. Katika la pili weka udongo uleule, lakini uushindilie mpaka uwe mgumu. Inua upande wa pili wa kila sinia kwa matofali ili yainame sawasawa, na uweke ndoo chini ya matundu. Toboa kopo, ulitumie kunyunyiza lita mbili za maji juu ya kila sinia. Pima maji yaliyoingia katika kila ndoo, na muda yaliochukua.

Mara ya kwanza sinia lenye majani litatoa maji machache, tena polepole. Hiyo ndiyo faida ya msitu. Sasa rudia papo hapo, bila kuacha udongo ukauke. Kisha rudia mara ya tatu. Utaona kwamba tofauti kati ya masinia hayo inapungua. Udongo ulioshiba maji hauna pa kuweka maji mengine.

Katika Ouachita udongo wa miteremkoni ni mwembamba, umejaa mawe, nao umelala juu ya mwamba. Akiba yake hujaa upesi. Msitu husaidia sana katika mvua za kawaida. Katika mvua kubwa isiyo ya kawaida msaada wake una kikomo. Mtu asilale kando ya kijito kwa kuutegemea msitu umlinde.

NGUVU YA MAJI YANAYOKWENDA

Wengi hudhani kwamba mtu mzima, hasa ajuaye kuogelea, aweza kuvuka maji yanayofika magotini. Tuangalie kani inayomsukuma. Kwa makadirio rahisi, kani hiyo ni nusu ya uzito wa meta moja ya ujazo ya maji (kilo 1,000), mara kipeo cha pili cha kasi, mara eneo linalopigwa na maji. Tuseme miguu miwili ndani ya maji ina eneo la meta za mraba 0.15.

Kasi ikiwa meta 1 kwa sekunde, kani ni newtoni 75. Kasi ikiwa meta 2, kani ni newtoni 300. Kasi ikiwa meta 3, kani ni newtoni 675, karibu sawa na uzito wa mtu wa kilo 69. Kasi ikiongezeka mara tatu, kani huongezeka mara tisa. Tena chini ya nyayo kuna kokoto zinazoteleza, na ndani ya maji kuna magogo.

Gari nalo si kimbilio. Gari la kilo 1,200 lenye urefu wa meta 4 na upana wa meta 1.5 lina eneo la chini la meta za mraba 6. Kwa kanuni ya Archimedes, maji yakipanda sentimita 20 tu juu ya sakafu yake, kabla hayajaingia ndani, gari lote huelea. Usiku wa tarehe 31 Julai 1976, katika bonde la Big Thompson, jimbo la Colorado, watu zaidi ya 140 walikufa, na wengi wao walikuwa wakijaribu kukimbia kwa magari kufuata barabara ya bondeni. Baada ya hapo mabango yaliwekwa katika mabonde ya jimbo hilo yakiwaagiza watu waache magari na kupanda mlima kwa miguu. Mara nyingi usalama uko hatua chache tu, mradi hatua hizo ziwe za kwenda juu.

MAANA YA "FURIKO LA MIAKA MIA"

Wenyeji wa mahali hupenda kusema: "Nimeishi hapa miaka 30 sijaona maji yakifika hapo." Ushahidi huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Wataalamu wanapotaja furiko la miaka mia, hawana maana kwamba litakuja mara moja kila baada ya miaka mia. Maana yao ni kwamba kila mwaka kuna bahati moja katika mia ya kutokea furiko la ukubwa huo au zaidi.

Bahati ya kutotokea kwa mwaka mmoja ni 0.99. Kwa miaka 30 mfululizo ni 0.99 iliyozidishwa yenyewe mara 30, yaani 0.74. Kwa hiyo katika maisha ya miaka 30 ya uwanja wa kambi kuna takribani bahati moja katika nne kwamba furiko hilo litafika. Na aliyeishi miaka 30 bila kuliona asishangae, maana watatu katika wanne wangekuwa kama yeye.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUPIGA HEMA

Kwanza, tazama miti. Takataka zilizonasa matawini, magome yaliyochubuka upande wa juu wa mkondo, na mashina yaliyoinamia upande wa maji yaendako ni alama za mafuriko yaliyopita. Maji yaliyofika hapo mara moja yaweza kufika tena.

Pili, tazama ardhi. Ukikuta mchanga na kokoto za mviringo mbali na maji, uko ndani ya mto. Jihadhari pia na mahali ambapo korongo la mlimani linafungukia bondeni na kumwaga lundo la mawe lenye umbo la pembetatu. Huko Biescas, Hispania, kambi iliyojengwa juu ya lundo la namna hiyo ilifagiliwa tarehe 7 Agosti 1996, na watu 87 walikufa.

Tatu, pima urefu wa kwenda juu, si umbali tu. Katika misitu ya Marekani wapiga kambi hushauriwa kukaa meta 60 hivi kutoka majini, lakini shabaha ya shauri hilo ni kulinda maji yasichafuliwe. Meta 60 juu ya uwanda tambarare hazimkingi mtu na furiko.

Nne, chagua njia ya kupanda mlima kungali mchana, na kila mwanafunzi aitembee mara moja kwa miguu yake.

Tano, weka zamu ya usiku. Maji yakigeuka ghafla kuwa ya tope, majani na vijiti vikianza kuelea, au mngurumo ukasikika kutoka juu ya mkondo, asingojee amri. Aamshe watu wote, wapande, na vyombo vibaki.

Haya si mambo ya ugenini tu. Katika genge la Ol Njorowa, Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate nchini Kenya, watu waliokuwa matembezini walichukuliwa na maji ya ghafla mwaka 2012, na tena mwaka 2019. Makorongo na mito ya mchanga ya nchi zetu, ambayo hukaa mikavu miezi mingi, yana tabia hiyohiyo. Na ni humo, penye mchanga safi na kivuli, ndimo vikundi vya wanafunzi hupenda kupumzika.

Mwalimu anayewaongoza wanafunzi kambini amekabidhiwa watoto wa watu. Hana uwezo wa kuizuia mvua, na huenda onyo la redio lisimfikie. Lakini anaweza kuchimba shimo la kufika magotini, akainua macho kutazama matawi, kisha akawauliza wanafunzi wake swali lile tuliloulizwa sisi. Wakishapata jibu, watajua wenyewe mahali pa kulala.