Kometi Inayofuka Kwenye Baridi Kali

Kila inapotoka habari ya kometi ya Bernardinelli-Bernstein, swali la wasomaji huwa lilelile: kama ina upana wa zaidi ya kilomita 100, mbona hatuioni? Jibu ni fupi. Iko mbali mno, tena ni nyeusi. Katika mwanga wa Jua unaoifikia, hurudisha kati ya asilimia 3 na 5 tu. Swali tamu ni jingine: huko iliko, kwenye baridi ya nyuzi 210 hivi chini ya sifuri, inawezaje kufuka?

Walioipata hawakuitafuta angani, waliitafuta kwenye ghala la picha. Kamera ya megapikseli 570 kwenye darubini ya Blanco, Cerro Tololo nchini Chile, ilipiga picha za galaksi kwa miaka 6 kuanzia 2013. Shabaha ilikuwa nishati giza, wala si kometi. Pedro Bernardinelli na Gary Bernstein wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walizipekua upya picha hizo kwa kompyuta, wakisaka vinukta vinavyohama. Kimoja kilijitokeza mara 32 kati ya 2014 na 2018. Kikatangazwa Juni 2021 kwa jina la C/2014 UN271. Hiyo C ni alama ya kometi zisizorudi kwa ratiba ambayo binadamu anaweza kuingoja. Hii huchukua mamilioni ya miaka.

Siku chache baadaye darubini ya mita 1 iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ikaielekea usiku. Mwanaastronomia Michele Bannister alikuwa New Zealand, mchana kweupe, akizisubiri picha. Ya kwanza iliharibiwa na mstari wa satelaiti. Zilizofuata zikaonyesha nukta yenye ukungu, ilhali nyota za jirani zimekaa kali. Basi kometi ilikuwa hai, ikiwa mbali na Jua mara 20 kuliko tulivyo sisi.

Sasa fungua kabati la nguo. Vile vidonge vyeupe vya naftalini hupungua mwezi hadi mwezi, lakini hukuti shuka lililolowa, kwa sababu kigumu kinageuka gesi moja kwa moja. Kabati la Mombasa huvimaliza upesi. La Lushoto, kwenye baridi, huvikawiza. Chukulia kabati hilohilo lina vidonge vya aina tatu, kila kimoja na joto lake la kuamka. Kometi ndivyo ilivyo. Barafu ya maji ni kidonge kizito: haifuki kwa nguvu mpaka kometi iingie ndani ya njia ya Mshtarii. Ya kaboni dioksidi huamka mapema zaidi. Ya kaboni monoksidi ndiyo nyepesi kuliko zote. Nyuzi 248 hivi chini ya sifuri zinaitosha. Kwa barafu hiyo, baridi inayotutisha sisi ni joto la Mombasa. Inapofuka hubeba vumbi, na kwa kuwa uvutano wa kometi ni dhaifu, vumbi hilo hubaki likielea pembeni. Huo ndio ukungu wa Sutherland.

Mwaka 2025 wanaastronomia wanaotumia antena za ALMA, Chile tena, walitangaza kuwa wameiona gesi hiyo ikichomoka kwa mikondo, kometi ikiwa bado mara 16.6 ya umbali wetu na Jua. Ni kaboni monoksidi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Yawezekana gesi nyingine nazo zinachangia, lakini hii ndiyo iliyonaswa.

Januari 2031 kometi itafika karibu zaidi na Jua, nje kidogo ya njia ya Zohali, kisha itageuza. Hata hapo barafu yake ya maji haitaamka, na asiye na darubini kubwa hataiona.